Kano ya kidole ikikatika: ya kufanya tangu siku ya kisu hadi siku ya kurudi kazini

Ukijikata kiganjani au kidoleni, usikubali sindano ya ganzi mpaka mhudumu awe ameviona vidole vyako vikikunjwa kimoja kimoja, na awe amekugusa ncha zake kujua kama unahisi. Ganzi ikishaingia, kidole kinakuwa cha mbao kwa saa kadhaa, na kama neva imekatika hapo hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo sentensi ninayoirudia kuliko zote katika kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Kigoma. Kama huna muda wa kusoma mengine, chukua hiyo uende nayo.

Huku Katonga wananiita Mzee wa Vidole, na sioni ubaya. Wanaokuja kwangu ni walewale kila msimu: kijana aliyekuwa akipasua samaki wa mgebuka kisu kikateleza, mama wa Mwandiga aliyekuwa akiosha chupa za mawese moja ikamvunjikia mkononi, mkata mawese aliyeshika panga upande usio wake. Jeraha ni la sentimita mbili, limeshonwa, limepona vizuri kabisa. Kidole hakikunji. Ukiuliza ni tangu lini, unaambiwa tangu Ramadhani, na Maulidi imeshapita.

Kwa nini hakikunji? Aliyewahi kuchezea mguu wa kuku uliokatwa anajua: kuna uzi mweupe mgumu, ukiuvuta vidole vya kuku vinajikunja. Mkono wako umejengwa hivyo hivyo. Misuli inayokunja vidole imekaa kwenye kigasha, chini ya kiwiko. Vidole vyenyewe vinavutwa na nyuzi kama ule, ndizo kano. Kila kidole kina kano mbili za kukunja, gumba lina moja. Ile ya ndani inafika hadi ncha ya kidole, ile ya juu inaishia pingili ya kati. Kano ikikatika, msuli unaivuta nyuma, pengine hadi kiganjani au kwenye kifundo cha mkono, na vipande viwili havitakutana tena hata usubiri mwaka. Ngozi inapona, ndani kumebaki pengo. Pembeni mwa kidole, kulia na kushoto, inapita neva pamoja na mshipa wake wa damu, ndiyo maana jeraha la kidole lililotoa damu nyingi ninalishuku mara mbili.

Pale pale ulipoumia

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kichwa, endelea kubonyeza dakika kumi bila kufunguafungua kuchungulia. Damu nyingi za mkono zinakata kwa hilo tu. Usifunge mkono kwa mpira wa baiskeli, na usiweke majivu, ugoro, kahawa wala mafuta ya taa. Vua pete na bangili mapema, kabla mkono haujavimba. Pete iliyogoma, zungusha uzi kwenye kidole au paka sabuni. Jeraha likiwa chafu lisuuze kwa maji safi yanayotiririka, mengi.

Kama kipande cha kidole kimetoka chote, usikitupe na usikitumbukize kwenye barafu. Kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiua. Huenda kisirudishiwe, lakini huo uamuzi ni wa daktari wa upasuaji.

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vidole vinapopotelea.

Weka mkono mezani, kiganja kikiangalia juu, uulegeze. Mkono usio na jeraha ukilegea, vidole vinajikunja vyenyewe kidogo kidogo, cha mwisho kuliko cha shahada. Kimoja kikilala kimenyooka huku wenzake wamejikunja, hicho kina tatizo. Kwa mtoto mdogo anayelia na kugoma kila kitu, hiki ndicho kipimo chako kikuu: msubiri alale, kisha utazame vidole vyake.

Sasa shika pingili ya kati ya kidole kilichoumia, ishikilie imenyooka, kisha jaribu kukunja ncha peke yake. Isipokunja, kano ya ndani imekatika. Halafu shikilia vidole vingine vyote vimenyooka, ukiache huru kilichoumia, ukikunje. Kisipokunja kwenye kifundo cha kati, kano ya juu imekatika. Angalizo: kidole cha mwisho cha watu wengi hakifaulu kipimo hiki hata wakiwa wazima, kwa hiyo linganisha na mkono wa pili kabla ya kuogopa. Gumba: kunja ncha yake tu.

Jeraha likiwa mgongoni mwa mkono, laza kiganja mezani na uinue kidole kimoja kimoja.

Kidole kikikunja lakini kinauma sana ukikizuia kwa nguvu ndogo, kano inaweza kuwa imekatika nusu. Sema hivyo. Kano ya nusu inakunja leo na kukatika wiki ijayo unapoinua ndoo.

Mwisho ni hisia. Fumba macho, mwambie mwenzako akuguse kwa ncha ya kitambaa upande mmoja wa ncha ya kidole, kisha upande wa pili, na useme ni wapi. Kufa ganzi upande mmoja maana yake neva ya upande huo imeguswa au imekatika. Kwa mtoto ambaye siku zimeshapita na jeraha limefunga, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa: kidole chenye neva nzima kinafanya makunyanzi, kile ambacho neva yake imekatika kinabaki laini.

Zahanati, kisha wapi?

Kushonwa ngozi zahanati si kosa. Watu wengi wanarudi kwangu wakimlaumu aliyewashona, na mara nyingi mimi simlaumu. Kano haihitaji kuunganishwa usiku ule ule. Jeraha likisafishwa vizuri, ngozi ikashonwa kwa nyuzi chache, ukachomwa sindano ya pepopunda, ukapewa dawa za kuzuia maambukizi na mkono ukafungiwa hogo (plasta ngumu) la upande mmoja, unaweza kusubiri siku kadhaa salama. Kinachoharibu ni kushonwa bila kupimwa, ukaambiwa rudi siku ya kutoa nyuzi, basi.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka omba vitu viwili viandikwe kwenye karatasi yako: kidole gani hakikunji na wapi hakuna hisia. Kisha omba barua ya rufaa. Lengo ni kano iunganishwe ndani ya wiki ya kwanza. Wiki mbili bado panawezekana vizuri. Ikipita wiki ya tatu au ya nne msuli umejikunja, ala ya kano, ule mfereji ambamo kano inateleza, imeziba, na kazi inageuka kuwa nyingine kabisa. Wa Kigoma, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Ikihitajika kwenda mbele zaidi, majina utakayosikia ni Bugando ya Mwanza na MOI, yaani Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Anayetoka Kalya au Buhingu kwa boti ahesabu na siku ya ziwa kuchafuka. Usisubiri boti ya mwisho wa wiki ilhali ya leo ipo.

Kuna majeraha mawili ambayo hayatakiwi kushonwa yafungwe kabisa siku ya kwanza. Moja ni lile la kwenye kifundo cha ngumi baada ya ugomvi: linaonekana mchubuko, kumbe ni jino la mwenzako limeingia ndani ya kiungo. Sema ukweli hata kama polisi wapo nje, maana kiungo hicho kinataka kusafishwa chumba cha upasuaji. La pili ni mchomo wa mwiba wa samaki uliokwisha kuvimba. Allen Kanavel, daktari wa Chicago, ndiye aliyeeleza dalili ambazo bado tunazitumia: kidole kizima kimevimba, kimekaa kimekunjwa kidogo, kinauma ukibonyeza mkondo wote wa kano, na kinauma vikali mtu akikinyoosha. Ukiona hizo, ni usaha ndani ya ala ya kano. Hilo ni la leo hii, wala si la kupaka dawa ya mdudu wa kidole na kungoja. Mwenye kisukari asingoje hata dalili ya pili. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioanza na kijeraha kidogo cha mkono wakaishia kukatwa vidole au mkono.

Kabla ya kuingia thieta

Usinyoe vinyweleo vya mkono nyumbani kwa wembe. Mikwaruzo inakaribisha vijidudu. Oga kwa sabuni, kata kucha, toa rangi ya kucha. Kina mama wa Ujiji wenye hina nyeusi vidoleni wamwambie nesi, kwa sababu kile kibanio cha kupima oksijeni kinaweza kudanganyika, watakibana kwingine. Acha sigara na ugoro, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na kidole kinalishwa na mishipa hiyo hiyo. Taja dawa zote unazokunywa, za hospitali na za mizizi.

Muulize daktari maswali haya, na usione haya: kano ngapi zimekatika? Neva je? Nitalazwa au nitarudi nyumbani? Nani atanifundisha mazoezi, na kuanzia siku gani? Gharama yote ni kiasi gani na bima yangu inalipa nini? Swali la mazoezi ndilo linalosahaulika, nami naliona kubwa kuliko la gharama. Kama jibu ni kwamba hakuna, tafuta mtu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji.

Ganzi ziko za aina kadhaa. Unaweza kulazwa usingizi, au kuchomwa kwapani mkono mzima ukafa. Hizo mbili utatakiwa usile kwa saa sita au zaidi. Ipo na njia nyingine iliyoenezwa zaidi na daktari wa Kanada, Donald Lalonde: ganzi iliyochanganywa na adrenalini inachomwa mkononi penyewe, damu inapungua bila mkono kubanwa kwa mpira, nawe unabaki macho. Kano ikishaunganishwa, daktari anakwambia kunja kidole. Mshono ukiachia au ukikwama anauona hapo hapo na kuurekebisha kabla ya kufunga ngozi. Kwetu huku ambako wataalamu wa usingizi ni wachache, naipenda njia hii. Uliza kama wanaifanya. Wasipoifanya, usikatae upasuaji kwa sababu hiyo.

Utashtuka ukiona mshono. Uliingia na jeraha la sentimita mbili, unatoka na mchoro wa zigizaga kutoka kidoleni hadi kiganjani. Daktari alilazimika kuifuata kano ilikokimbilia, na alipinda makusudi kwa sababu kovu lililonyooka likikatisha mikunjo ya kidole hujikunyata na kukivuta kidole.

Na kama mzee fulani wa tiba atakwambia kano za kidoleni hazishonwi mapema, ana historia yake. Kuanzia kiganjani hadi pingili ya kati, kano zote mbili zinapita ndani ya ala moja nyembamba, na Sterling Bunnell, Mmarekani aliyeweka misingi ya upasuaji wa mkono, alipahesabu kuwa pabaya kiasi kwamba wengi walishona ngozi tu na kupandikiza kano baadaye. Kuanzia miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walionyesha kwamba kuunganisha mapema na kusogeza mapema kunaleta matokeo mazuri. Neno kubwa hapo ni kusogeza.

Siku tatu za kwanza

Mkono juu. Ukikaa, uweke begani kwa upande wa pili. Ukilala, juu ya mito miwili. Ule mtandio unaoning'iniza mkono tumboni hautoshi. Sogeza bega na kiwiko. Maumivu yapungue siku hadi siku. Yakizidi, vidole vikiwa vyeupe au vya bluu, ganzi mpya ikiingia, homa au harufu ikitokea, rudi hospitali usiku huo huo. Bandeji iliyobana ikatwe yote hadi kwenye ngozi, maana ukilegeza ya juu tu, ile ya ndani bado inabana.

Wiki sita ambazo ndizo upasuaji wenyewe

Hogo linapita mgongoni mwa mkono, kutoka kigashani hadi kupita ncha za vidole, vifundo vya ngumi vikiwa vimekunjwa. Kazi yake ni kuzuia vidole visinyooke kupita kiasi. Halikuzuii kuvikunja, na hapo ndipo wengi wanapopotea: mmoja anauacha mkono kimya wiki sita, kano inagandamana na ala, na kidole kinakuwa kijiti, mwingine anavua hogo wiki ya pili kwa sababu hapaumi, anainua dumu la mawese, na kano inakatika. Wote wawili wananilaumu mimi.

Zoezi la msingi, ambalo tunaanza kati ya siku ya tatu na ya tano, ni hili. Kwa mkono usioumia kisukume kidole polepole mpaka kiguse kiganja, viungo vyote vitatu vikikunjwa. Kiachie, kisha chenyewe kinyooke mpaka kiguse hogo, kisipite hapo. Mara kumi, kila saa ukiwa macho. Redio ikitangaza saa, nawe kunja. Kukunja kwa nguvu ya kidole chenyewe kunaanza pale tu anayekufundisha atakaposema, kwa sababu yeye ndiye anayejua kano ilishonwa kwa nyuzi ngapi. Usishike kikombe. Usifunge kifungo. Usijaribu kuona kama kimepona.

Ukioga, funga mkono kwenye mfuko wa plastiki. Wanaoswali wameniuliza kuhusu udhu. Masheikh wetu wanaruhusu kupangusa maji juu ya bandeji, kamuulize wako. Nyuzi zinatolewa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Kovu likishafunga, lisugue kwa kidole gumba, mduara mdogo mdogo, mara kadhaa kwa siku, kwa mafuta yoyote. Hapa mawese ruksa, mradi shuka si zako mwenyewe.

Anayetoka mwambao wa kusini namshauri abaki mjini kwa ndugu, Gungu au Mwanga, mpaka wiki sita ziishe. Asiyeweza, aje na mtu mmoja wa nyumbani nimfundishe naye, kwa sababu mgonjwa peke yake anachoka wiki ya tatu. Mtoto mdogo ni habari nyingine: hatumwamini na mazoezi, anafungwa hogo hadi juu ya kiwiko kwa wiki tatu au nne, na vidole vya watoto hurudi vyenyewe wakianza kucheza.

Ukisikia "tap" ndani ya kidole na kikaacha kukunja, kano imekatika. Nenda siku hiyo hiyo, kwani mara nyingi bado inaweza kuunganishwa upya. Ukikaa kimya kwa aibu, nafasi hiyo inapita.

Kano za mgongoni mwa mkono hufungwa kwa wiki nne hadi sita. Ile ya nchani kabisa, inayofanya kidole kiiname kama kinasalimia, mara nyingi haitaki kisu: ncha inafungwa imenyooka kwa wiki sita hadi nane bila kuinama hata mara moja. Ikiinama unaponawa, unaanza kuhesabu upya.

Neva na kazi

Neva iliyoshonwa inakua kama milimita moja kwa siku. Iliyokatwa kwenye kifundo cha mkono itachukua nusu mwaka hivi kufika ncha za vidole. Ukigonga kwa kidole juu ya mkondo wake utasikia vishoti vya umeme, na mahali pa vishoti panasonga mbele mwezi hadi mwezi. Jules Tinel, Mfaransa, alilieleza hilo mwaka 1915. Wakati unasubiri, kidole hakihisi moto. Pima joto la sufuria na chai kwa mkono mwingine.

Wiki ya sita hogo linatoka, kazi nyepesi. Wiki ya nane unaweza kuanza kushika vitu vyepesi kwa nguvu kidogo. Jembe, kasia, kamba ya nyavu na ngazi ya mchikichi vinangoja wiki ya kumi na mbili. Bosi akikataa, omba barua ya daktari.

Umechelewa miezi?

Usikate tamaa, lakini usikimbilie kisu pia. Kwanza kidole kiwe laini: kila siku kikunje na kukinyoosha kwa mkono usioumia, kwa sababu hakuna daktari atakayepandikiza kano kwenye viungo vilivyoganda. Upasuaji wa waliochelewa mara nyingi ni wa awamu mbili. Kwanza anaweka mrija laini wa silikoni ujenge njia mpya, unakaa miezi kama mitatu, kisha anautoa na kupitisha kano iliyochukuliwa kwingine mwilini. Mara nyingi ni ile unayoiona ikisimama katikati ya kifundo cha mkono ukigusanisha gumba na kidole cha mwisho huku ukikunja mkono. Wengine hawanayo kabisa, na hawakosi chochote.

Na kama kilichokufa ni kukunja ncha tu, kifundo cha kati kinakunja vizuri, mimi huwa nasema acha. Upasuaji huo unaweza kukunyang'anya hata ulichonacho. Mvuvi mmoja wa Kibirizi hakunikubalia, akasafiri kutafuta maoni mengine, akajibiwa vilevile. Sasa anavuta nyavu kama zamani. Kinachomshinda ni kufunga vifungo vya shati la Ijumaa, na hiyo amemwachia mkewe.